Theluji ya Alfajiri na Theluji ya Mchana: Mwongozo Kamili wa Kupanda Mlima na Marafiki Mwishoni mwa Majira ya Baridi

Mwishoni mwa majira ya baridi, mlima huwa na sura mbili kwa siku moja. Usiku theluji huganda ikawa ngumu, na alfajiri unaikanyaga kama unavyokanyaga sakafu. Jua likishaipiga kwa muda wa saa tatu au nne, tabaka la juu hulainika, mguu unazama hadi gotini, na kwenye miteremko mikali theluji ileile iliyokubeba asubuhi inaweza kukatika na kukuchukua. Kaskazini mwa ikweta kipindi hicho huwa Februari na Machi. Kusini huwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba.

Nakipenda kipindi hiki kuliko vingine vyote vya mwaka. Siku zinarefuka, njia hazina msongamano, na anga likiwa safi unaona vilele vya mbali ambavyo wakati wa joto hufichwa na ukungu. Lakini ndicho kipindi kinachowaponza hata wazoefu. Bondeni njia imeshakauka na watu wameshavua makoti, ilhali kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Ndiyo maana karibu kila ushauri utakaoukuta hapa unarudi kwenye jambo moja: saa.

Hatua ya 1: Patana na wenzako kabla ya kuchagua mlima

Wengi huchagua kilele kwanza, ndipo watafute wa kwenda naye. Mimi nashauri kinyume chake. Tafuta watu, kaeni pamoja, halafu mlima uchaguliwe kulingana na mliopo. Wanne hadi sita ni idadi nzuri: akiumia mmoja, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada. Wakizidi hapo, kila kituo cha kupumzika kinageuka kuwa mkutano, na saa inayoyoma.

Ulizaneni waziwazi. Nani ameshatembea kwenye theluji na nani hajawahi? Nani ana goti linalomsumbua, pumu, au dawa anazotumia kila siku? Na nani ana ahadi jioni hiyo? Swali hili la mwisho huonekana dogo, lakini mwenye ahadi ya jioni ndiye atakayewaharakisha wote kwenye mteremko, mahali ambapo haraka huvunja miguu.

Halafu wekeni makubaliano matatu, na yasemwe kwa sauti ili kila mtu ayasikie. La kwanza, saa ya kugeuka: ikifika, mnarudi, mwe mmefika kileleni au hamjafika. La pili, mtu yeyote akisema "sijisikii salama hapa," kundi zima linasimama, na hadaiwi ushahidi. La tatu, mnaondoka pamoja na kurudi pamoja.

Makubaliano haya nayatilia mkazo kwa sababu hatari kubwa mlimani mara nyingi hutoka ndani ya kundi lenyewe. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizowapata watu waliokuwa kwenye burudani nchini Marekani kati ya 1972 na 2003. Dalili za hatari zilikuwa wazi katika nyingi ya ajali hizo. Kilichowaponza watu kilikuwa mazoea ya mahali, ung'ang'anizi wa lengo walilojiwekea, hamu ya kukubalika na wenzao, na kumfuata yule waliyemwona mjuzi bila kumuuliza. Hao ni watu kama sisi, wakiwa na marafiki zao, siku ya mapumziko.

Hatua ya 2: Soma ramani kwa kuutazama mteremko

Umbali kwenye ramani hausemi mengi. Tazama mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: inapobanana, mteremko ni mkali. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Ramani nyingi za kidijitali zina tabaka linalopaka rangi miteremko ya ukali huo; liwashe, kisha fuata njia yako kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiangalie tu pale mtakapokanyaga. Njia iliyo tambarare kabisa inaweza kupita chini ya mteremko mkali, na theluji ikikatika juu itawakuta chini. Korongo jembamba ni baya zaidi, kwani hata poromoko dogo hujirundika humo kwa kina kikubwa.

Angalia pia mteremko unatazama upande gani. Ule unaotazama mashariki hupigwa na jua mapema na kulainika kabla ya mingine. Kaskazini mwa ikweta unafuata wa kusini, kisha wa magharibi mchana. Ule wa kaskazini hubaki kivulini, theluji yake baridi na barafu yake ngumu. Kusini mwa ikweta, geuza kaskazini na kusini.

Sasa piga hesabu ya muda. Mwaka 1892 mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika hadi leo: kwa vipimo vya mita, ni saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 10, kwenda na kurudi, yenye mita 900 za kupanda. Kilomita zinakupa muda wa saa mbili, kupanda kunakupa saa moja na nusu. Jumla saa tatu na nusu. Kanuni hiyo inadhani njia ni kavu na mtembeaji ana nguvu, kwa hiyo kwenye theluji mimi huzidisha kwa moja na nusu, ikawa saa tano na dakika 15. Ongeza saa nzima ya mapumziko: muda wa saa sita na robo.

Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mnarudi kwenye gari saa sita na robo mchana, theluji ikiwa ndiyo kwanza inalainika sehemu za chini. Mkiondoka saa tatu, kama makundi mengi yanavyofanya, mnarudi saa tisa na robo alasiri, na saa zote za kuteremka zinaangukia kwenye joto. Njia ni ileile na watu ni walewale, ila siku zimekuwa mbili tofauti.

Hatua ya 3: Uliza usiku ulikuwaje

Watu huangalia utabiri wa mchana: jua au mvua? Kipindi hiki kinachokuhusu zaidi ni usiku wa kuamkia safari. Usiku wa anga wazi theluji hupoteza joto na kuganda vizuri. Usiku wenye mawingu huifunika kama blanketi, isigande, na asubuhi mtaikuta ni uji hata kama kipimajoto kinasoma chini ya sifuri mahali fulani. Usiku ukikosa kugandisha, futeni njia ya juu na mwende ya bondeni au ya msituni.

Upepo nao una hesabu yake. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa tulivu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Na upepo huhamisha theluji: huikwangua upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, ambako hukaa kama bamba lisiloshikamana na lililo chini yake. Dhoruba ikishapita, siku moja au mbili za mwanzo ndizo mbaya zaidi, ingawa ndizo zenye anga la kuvutia.

Maeneo mengi ya milima yenye theluji hutoa taarifa ya kila siku ya hatari ya maporomoko. Ulaya kuna kipimo kimoja cha ngazi 5 tangu 1993, na Amerika Kaskazini nako kuna ngazi 5. Tafadhali usiisome ngazi ya 3 kama "wastani" kwa kuwa iko katikati. Katika ngazi hiyo mtu mmoja anayepita anaweza kuliangusha poromoko, na sehemu kubwa ya vifo hutokea hapo, kwa sababu ngazi ya 4 na ya 5 huwabakiza watu nyumbani. Kwa kundi la marafiki wasio na mafunzo, ngazi ya 3 maana yake ni kukaa mbali kabisa na miteremko ya nyuzi 30 kwenda juu, na mbali na chini yake.

Hatua ya 4: Mavazi na mzigo

Vaa kwa tabaka. La ndani liwe la sufu au kitambaa cha sintetiki kinachofukuza jasho. La kati lishike joto. La nje lizuie upepo na maji. Pamba iache nyumbani. Ikilowa hukaa imelowa, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko unavyodhani. Beba glavu jozi mbili, maana jozi moja italowa, na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki.

Buti ziwe za kuzuia maji na zenye nafasi ya vidole kucheza. Buti inayobana huzuia damu, na vidole visivyopata damu ndivyo vinavyoganda. Juu ya buti funga vifuniko vya kitambaa vinavyofika chini ya goti ili theluji isiingie.

Kuhusu kushika barafu, kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Minyororo yenye meno mafupi ya chuma, inayovutwa juu ya buti kwa mpira, inafaa njia iliyoganda yenye mteremko wa kawaida. Kramponi, yaani vyuma vyenye meno marefu vinavyofungwa chini ya buti, pamoja na shoka la barafu, ni za miteremko mikali ambako ukiteleza husimami mwenyewe. Kama njia inahitaji shoka la barafu na hakuna kati yenu aliyefundishwa kujisimamisha nalo, njia hiyo si yenu mwaka huu. Tafuteni mafunzo kwanza. Fimbo mbili za kutembelea, zenye visahani vipana chini, zinamfaa kila mtu.

Ndani ya begi weka ramani ya karatasi na dira, filimbi, blanketi ya dharura, vifaa vya huduma ya kwanza, kipande cha godoro jembamba cha kukalia, na tochi ya kichwani. Tochi ni moja kwa kila mtu, hata kama mnatarajia kurudi saa sita mchana. Baridi hudhoofisha betri, basi simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, na betri za akiba zikae nayo. Chupa ya maji ichomeke kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na kwa kuigeuza, mdomo wa chupa unabaki wazi. Bebeni pia chupa ya kuhifadhi joto yenye kinywaji chenye sukari. Chakula kiwe cha kula ukiwa na glavu na kisichogeuka jiwe kwenye baridi. Karanga na matunda makavu hayaniangushi.

Miwani ya jua si pambo. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Macho huungua bila wewe kuhisi, kisha usiku huo unalala kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Paka mafuta ya kuzuia jua hadi chini ya kidevu na chini ya pua, kwani mwanga unakuja kutoka chini pia.

Mkiwa na sababu ya kupita eneo la maporomoko, kila mmoja abebe vitu vitatu: kifaa cha redio cha kutafutana chini ya theluji, fimbo ndefu ya kuchomea, na koleo. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai. Baada ya hapo matumaini huporomoka haraka, na waokoaji wa kitaalamu kwa kawaida hawawezi kufika ndani ya muda huo. Mwokoaji ni rafiki aliye na wewe. Kwa hiyo kifaa ambacho hamjafanyia mazoezi ya kutafutana nacho ni mzigo mtupu.

Hatua ya 5: Kabla ya hatua ya kwanza njiani

Mwachieni mtu asiyesafiri ujumbe wa maandishi: mnapita njia gani, mko wangapi, gari limeegeshwa wapi, mnategemea kurudi saa ngapi, na apige simu ya uokoaji saa ngapi asiposikia kutoka kwenu. Saa hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na bila hiyo mwenzenu atabaki akijishauri hadi usiku wa manane.

Mkifika, anzeni mkihisi baridi kidogo. Aliyejisikia joto akiwa amesimama atakuwa ameloa jasho baada ya robo saa.

Hatua ya 6: Kupanda

Mwenye mwendo wa polepole awe wa pili kwenye mstari, nyuma ya anayeongoza. Akikaa mwisho, kila akiwafikia mnakuwa mmeshapumzika na mko tayari kuondoka, naye hapumziki kamwe. Mwendo unaofaa ni ule unaoruhusu mazungumzo ya sentensi nzima. Baada ya dakika 10 au 15 simameni mvue tabaka moja. Kuleni kidogo kila saa bila kungoja njaa, na mnywe hata kama kiu haipo, kwa sababu baridi huificha.

Huku mnapanda, someni theluji. Mguu ukianza kuzama kupita kifundo, kuganda kwa usiku kumeisha. Mkiona vimipira vya theluji vikibingirika vyenyewe kutoka juu, jua limeanza kazi yake kwenye mteremko huo. Mkisikia mvumo mzito chini ya miguu, kama kitu kimetua ghafla, au mkiona ufa unakimbia kutoka kwenye buti, tabaka la chini limeporomoka na mteremko unawaonya. Rudini kwa njia mliyojia, mara moja, bila kikao.

Penye kimteremko cha kutia shaka ambacho hamuwezi kukikwepa, avuke mmoja mmoja, wengine wakimtazama wakiwa mahali salama. Kwenye mgongo wa mlima, kaeni mbali na ukingo: upepo hujenga kibaraza cha theluji kinachoning'inia hewani, na kikikatika mara nyingi hukatika nyuma zaidi ya pale ulipodhani pana mwamba. Vijito navyo vimefunikwa na madaraja ya theluji ambayo kipindi hiki yanaliwa na maji kwa chini. Daraja lililowabeba asubuhi msilitumainie mchana.

Hatua ya 7: Kugeuka

Mwaka mmoja tulikuwa watano. Tulikubaliana kugeuka saa tano na nusu. Saa hiyo ilipofika kilele kilikuwa mbele ya macho yetu, na mmoja wetu akasema ni dakika 20 tu. Mimi nilijua jibu sahihi, nikanyamaza, kwa sababu sote tulikuwa na furaha na sikutaka kuwa mimi wa kuivunja. Dakika 20 zilikuwa 50. Tulipoanza kuteremka theluji ilikuwa imekwisha kulainika. Tulizama hadi mapajani, na rafiki yangu akaingiza mguu kati ya mawe mawili yaliyofichika chini, goti likageuka. Mteremko wa saa moja na nusu ulituchukua alasiri nzima, na tukaumalizia gizani, tochi mbili kwa watu watano. Goti lake lilipona baada ya miezi mingi. Kunyamaza kwangu bado kunaniuma.

Tangu siku hiyo tunaweka kengele ya simu dakika 30 kabla ya saa ya kugeuka. Ikilia, tunasimama na kila mmoja anaongea kwa zamu, mgeni akianza na mzoefu akimaliza, ili mgeni asijifiche nyuma ya maneno ya mzoefu. Maswali ni mawili tu: miguu yako ikoje, na theluji unaionaje?

Hatua ya 8: Kuteremka

Vaeni tena tabaka mlizovua kabla hamjaanza kutetemeka. Kwenye theluji laini kanyaga kwa kisigino, goti likiwa limepinda kidogo. Kwenye iliyoganda kanyaga kwa unyayo mzima ili meno yote yashike. Usiteleze kwa makalio ukiwa umevaa kramponi, jino moja likinasa kifundo kinavunjika. Mwamba na mti hupata joto la jua na kuyeyusha theluji inayouzunguka, kwa hiyo kando yake kuna mashimo yaliyofunikwa juu. Pita mbali nayo.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Mwenzako akianza kujikwaa, kung'ang'ana na zipu, kuongea kwa kukokota au kununa bila sababu, usimwone mvivu. Mwili wake unapoa, na joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 ameshaingia kwenye hatari. Mkingeni na upepo, mvueni kilicholowa, mkalisheni juu ya godoro na begi, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya: mlazeni, mmguse kwa upole kwa sababu moyo uliopoa huyumba kwa mtikiso mdogo, na mwite msaada.

Ngozi iliyopauka na kufa ganzi ipasheni kwa kwapa au kwa tumbo la mwenzake. Msiisugue, wala msiipake theluji. Sehemu ikiwa imeganda hadi ndani, msiiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani; madhara ya mara ya pili ni makubwa zaidi.

Simu ya dharura katika nchi nyingi za Ulaya ni 112. Kwingineko ichukueni namba kabla ya safari na muihifadhi. Pasipo mtandao, tumieni filimbi au tochi: kwenye milima ya Alps na Uingereza ni ishara 6 ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha kurudia, na anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Amerika Kaskazini ishara ya dharura ni 3.

Mkisharudi

Mtumieni ujumbe yule anayewasubiri kabla hata ya kuvua buti. Kisha, mkiwa bado mnakumbuka, andikeni saa halisi: mliondoka lini, mlifika wapi saa ngapi, mguu ulianza kuzama kwenye theluji saa ngapi na kwenye mteremko unaotazama wapi. Linganisheni na hesabu ya Naismith mliyoipiga nyumbani. Kwa kundi letu, kuzidisha kwa moja na nusu hakukutosha. Safari tatu zilituonyesha kwamba sisi tunahitaji kuzidisha kwa 1.7, na sasa saa ya kuondoka tunaipanga kutoka hapo.